Ng'ombe wa Arlys Waliomkataa Mbwa

Ukifika bonde la Tarry, kule Montana, ukamuulizia Arlys Tveit, watu hawakukuelekeza kwa jina lake. Walisema, "Aa, yule mama wa mbwa," kisha wakanyoosha kidole juu, pale barabara ya changarawe inapokwisha na misonobari inapoanza. Naye hakuudhika hata kidogo. Alikuwa mtu wa miaka sabini na moja, amezaa binti mmoja, amezika mume mmoja, na amefuga ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe tangu alipoweza kubeba ndoo. Lakini lililomfanya aingie kanisani kifua mbele si ng'ombe wala binti. Ni mbwa.

Hawakuwa mbwa wa kubweka, wala wa kuuma. Walikuwa mbwa wa kuswaga, na Arlys aliwafunza mwenyewe tangu wakiwa vitoto vya kukojoa jikoni. "Mbwa anayebweka ana woga," alizoea kusema, "na mbwa anayeuma ni mvivu." Mbwa wake alimwendea ng'ombe tumbo chini, akamkazia macho, basi. Ng'ombe akageuka akaenda zake, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Mluzi mmoja mfupi, mbwa alizunguka kulia. Miwili, alizunguka kushoto. Mluzi mrefu, alilala pale pale alipo, hata kama ni kwenye tope. Verlin, marehemu mumewe, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu akipiga mluzi mezani, mimi nalala chini kwanza, maswali baadaye."

Siku ya kazi yake kuonekana ilikuwa siku ya kuteremsha ng'ombe. Huku kila mtu hupandisha ng'ombe wake mlimani majira ya joto yanapoanza, kwenye malisho ya serikali, na huwateremsha majani yakianza kupukutika, kabla theluji haijafunga njia. Siku hiyo bonde zima husimama kwenye lango la chini, na masufuria ya mchuzi na birika za kahawa, kutazama nani anakuja na anakujaje. Wengine walikuja na wapanda farasi wanane wakipiga kelele, ng'ombe wakitoa povu. Arlys alikuja juu ya farasi wake, mdogo wake Delmar juu ya farasi mwingine kwa nyuma akiimba nyimbo zisizo na adabu, na mbwa mmoja. Ng'ombe wake walifika wakicheua. Watu walivua kofia. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani, na alijua thamani yake.

Mbwa wa miaka ile alikuwa Tuck, mweusi, sikio moja jeupe. Waliomjua Arlys walisema Tuck ndiye bora kuliko wote aliowahi kuwafunza, na yeye mwenyewe alikubali bila kuona haya.

Sasa mbwa mwitu. Walikuwa wamekwisha kabisa huku, babu zetu waliwamaliza kwa sumu na mitego. Kisha wakaletwa wengine kutoka Kanada kwa ndege, ndani ya masanduku, wakafunguliwa mbali kusini, kwenye hifadhi. Tuliambiwa watabaki kule. Mbwa mwitu hakuambiwa. Baada ya miaka kumi na kitu walifika Tarry kwa miguu yao, na majira ya joto ninayoyasimulia walizaa kwenye mgongo wa mlima, juu tu ya malisho ya Arlys.

Ukaitwa mkutano katika ukumbi wa wakulima. Idara ya wanyamapori ikamtuma kijana mmoja, Pruitt, mwenye ndevu zilizochanwa na subira ya mtu aliyezoea kutukanwa. Delmar alikuwa wa kwanza kusimama, kofia kichwani, jambo ambalo kwalo mama yao angemzaba kofi.

"Bwana Pruitt, nimewinda kwenye mgongo ule miaka arobaini. Kulungu wetu wakubwa, yale madume, wakati wa kupandana yalikuwa yanalia mpaka hulali ndani ya hema. Mwaka jana sikusikia hata mmoja. Wamekuwa mabubu! Wamejichimbia kwenye msitu mzito, mbavu nje nje kama reki. Sasa tuwinde nini, panya?"

"Hesabu yetu inaonyesha kulungu bado wapo, mzee wangu."

"Wapo! Hata mama yangu yupo. Yupo makaburini!"

Ukumbi ukacheka. Sauti ikatoka nyuma, ya Lyle Kvam, jirani yao. "Delmar, wewe ulimkosa kulungu aliyelala usingizi. Usiwasingizie mbwa mwitu!"

"Alikuwa hajalala! Alikuwa ameinama!"

Walipochoka kucheka, Arlys akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni, kwa hiyo watu wakamgeukia.

"Ndama akiuawa mnamlipa mwenyewe," alisema. "Nimesikia, na asante. Je, ng'ombe aliyetishwa?"

Pruitt akakuna ndevu. "Aliyetishwa kivipi, mama?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza. Mlinzi wetu wa malisho ya juu anasema ng'ombe wangu hawalali tena pale walipozoea. Wanalala kila siku mahali papya."

"Kwa kweli, mama, hilo halina kanuni."

"Haya," Arlys akasema, akakaa. Aliona amepewa jibu la kweli, ingawa halikumsaidia. Hata yeye hakujua alichouliza. Alikihisi tu, kama mtu anavyohisi kuna mlango umeachwa wazi nyumbani.

Majira yale alipoteza ndama wawili. Mmoja alionekana, mwingine hakuonekana hata kwato. Iliuma, lakini mfugaji hula na maumivu ya namna hiyo kila mwaka. Kuna radi, kuna sumu ya majani, kuna mito. Ng'ombe waliobaki walikuwa hai, na redio ilipotangaza kwamba theluji nzito ingeanguka kesho yake jioni, Arlys akatandika farasi.

"Tuite watu," Delmar alimwambia. "Mwaka huu sipapendi huko juu. Tumchukue Lyle na wanawe."

"Nikihitaji wapiga kelele, wewe peke yako unatosha."

"Dada, nasema kweli."

"Na mimi nasema nina Tuck. Panda farasi."

Walifika malishoni jua limekwisha kuwa juu. Miaka yote, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta: watatu hapa chini ya mti, mmoja kule mtoni, mtamba mkaidi nyuma ya jabali. Siku ile hapakuwa na kutafuta. Walikuwa wote katikati ya uwanda, wazi kabisa, wamebanana bega kwa bega, vichwa nje, ndama ndani. Hakuna aliyekuwa akila.

"Tazama," Delmar akasema. "Wamejipanga kama kwaya."

Arlys akacheka kwa raha. "Wamejikusanya wenyewe! Leo tunakula mchana nyumbani."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile ni la mtu mwenye mbwa mzuri. Mtu asiye na mbwa angejiuliza kwa nini wamesimama vile. Mwenye mbwa aliona kazi imepungua. Farasi wake alikuwa amesimamisha masikio, hakuyaona. Na alipompigia Tuck mluzi wa kulia, Tuck alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Aligeuka akamtazama, kana kwamba anauliza.

Akampigia tena. Mbwa akaenda.

Mbele ya ng'ombe wale alisimama jike mmoja aitwaye Pansy. Pansy alizaliwa usiku wa barafu, mama yake akafa, Arlys akamlea kwa chupa jikoni kando ya jiko la kuni. Alimpangusa uso kwa taulo ya vyombo. Hata alipokuwa mkubwa na kuzaa, Pansy alikuwa akimfuata Arlys kando ya ua na kumlamba mkono kama anadai chumvi. Huyo ndiye aliyetoka.

Hakulia. Aliinamisha kichwa akaja. Tuck akalala tumbo chini, akamkazia macho yale yaliyogeuza ng'ombe wa bonde zima, na Pansy hakusimama. Alimpiga kwa paji la uso akamviringisha kwenye nyasi kama gunia tupu. Kabla mbwa hajasimama, wengine wakatoka, watano, kumi, kishindo kimoja, bila sauti ya kinywa.

Mbwa aliyeshindwa hukimbilia mahali pamoja tu duniani. Tuck akaja mbio kwa Arlys, na ng'ombe nyuma yake. Farasi akazunguka kwa miguu ya nyuma. Arlys akajiona anapita hewani, polepole kabisa, akaona anga, kisha akaanguka kwa bega, na pumzi zote zikamtoka. Alipofumbua macho, Tuck alikuwa amejisukuma chini ya kwapa lake, anatetemeka ndani ya koti lake, na juu yao alikuwepo Pansy.

Alikuwa karibu mno hata Arlys aliona kope zake nyeupe. Ulikuwa uso ule ule aliokuwa akiupangusa kwa taulo. Macho yake yalikuwa yamepanuka mpaka weupe ukaonekana pande zote, na ndani yake hamkuwa na Arlys. Hamkuwa na jiko wala chupa wala chumvi. Yalimtazama kama yanavyotazama kitu cha kukanyagwa. Katika miaka yake yote Arlys alikuwa ameogopa barafu, na mafuriko, na ugonjwa wa Verlin. Hakuwahi kumwogopa ng'ombe wake. Sasa alimwogopa.

"Mfukuze mbwa!" Delmar alikuwa akipiga kelele, bunduki mkononi, farasi wake akiruka huku na huku asiweze kulenga. "Dada! Wanamtaka mbwa! Mfukuze mbwa!"

Kwato ikashuka kando ya sikio lake. Ardhi ikaruka.

Akapiga mluzi. Miwili, ya kushoto, ya mbali.

Tuck akatoa kichwa ndani ya koti. Akamtazama mara moja tu. Kisha akaenda, kwa kuwa hakuwahi kufunzwa kukataa. Ng'ombe wote wakageuka kama maji, wakamwacha Arlys pale alipolala, wakamfuata mbwa kuteremka kwenye vichaka vya mtoni. Matawi yakavunjika. Mbwa akalia mara moja, sauti nyembamba. Kisha ikawa pumzi za ng'ombe tu.

Delmar alimkuta dada yake ameketi, midomo bado imekunjwa ya kupiga mluzi. Alimwita mara mbili.

"Arlys. Umevunjika?"

"Pansy," alisema. "Delmar, yule alikuwa Pansy."

"Nimemwona."

"Hakunijua."

"Nimeona, dada. Simama basi. Simama nishike."

Walimpata Tuck chini ya gogo lililolala juu ya kijito, mahali ambapo ng'ombe hawakuweza kuingiza vichwa. Mguu wa nyuma ulikuwa umepondeka. Macho yake yalikuwa kwa Arlys, yanangoja amri inayofuata. Delmar, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, aligeuka akatazama mlima.

Ng'ombe walikuwa wamerudi uwandani na kujifunga tena duara lao.

"Twende zetu," Delmar akasema. "Wabaki. Hawa si ng'ombe tena, ni wanyama wa porini."

"Theluji ni kesho. Wabaki wale nini?"

"Na wewe uvunjwe mbavu? Nikamwambie nini Rhonda? Kwamba mama yake kauawa na kitoto alichokinyonyesha?"

Arlys alikuwa ameshampa kisogo. Alikuwa amepiga hatua chache kuelekea uwandani, naye Pansy akakwaruza ardhi, akavuta hewa kwa nguvu puani. Arlys akasimama. Akatazama mkono wa koti lake. Ulikuwa umejaa manyoya meusi, ya Tuck, na ya mbwa waliomtangulia Tuck. Koti lile lilikuwa na miaka mingi kuliko farasi. Vitoto vingapi vya mbwa vililala ndani yake!

Akalivua. Akamfunga Tuck ndani yake vizuri kama mtoto, akampa Delmar juu ya farasi.

"Pita nyuma ya kilima, upepo usilete harufu yenu huku. Nenda moja kwa moja kwa daktari wa mifugo. Ukimwangusha, sikupikii tena."

"Umeanza lini kunipikia?"

"Nenda, Delmar."

Akaenda. Arlys akashuka kijitoni, akasugua mikono na shingo kwa mchanga, kisha akachuma majani machungu yanayoota huku kila mahali akajipaka mpaka machozi yakamtoka. Baridi ilikuwa kali na bega lilikuwa linawaka. Akarudi uwandani kwa miguu, farasi wake, aliyemkuta hapo kijitoni, nyuma yake kwa kamba, akaita kama mama yake alivyokuwa akiita akiwa na ndoo ya pumba, kabla nyumba yao haijajua mbwa. "Ko-boos! Ko-boos! Ko-o-oboos!" Alikuwa hajaita hivyo tangu usichana wake. Kwa nini angeita, naye ana mluzi?

Masikio yakageuka. Alisimama, hakusogea, aliita tu. Mwisho Pansy akatoka kwenye duara, hatua kwa hatua, shingo ndefu. Akamnusa kiwiko, akamnusa kifua. Ndipo Arlys akaona jambo ambalo hakuliona alipokuwa chini. Ng'ombe yule mzima alikuwa akitetemeka, mabega, mapaja, hata ngozi ya shingo, na mbavu zake zilihesabika. Majira yote ya joto hakuwa amekula akashiba. Alikuwa amesimama zamu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wahenga walisema hivyo, lakini hawakusema nani amwombe radhi ung'ongo.

Akageuka akaanza kuteremka. Nao wakamfuata, si kwa kutawanyika na kung'ata majani njiani kama zamani, bali wamemkaribia mno, hata pumzi zao zilimgonga kisogoni. Njia nzima hakuna aliyejitenga.

Langoni watu walikuwa wameshapakua mchuzi. Walimwona kwa mbali wakaanza kushangilia, kisha shangwe ikapungua, kwa sababu hawakuelewa wanachokiona. Arlys Tveit kwa miguu. Mbele ya ng'ombe. Hana koti. Hana mbwa.

"Yuko wapi Tuck?" mtu akauliza, na kabla hajajibiwa, mbwa mdogo wa Lyle Kvam, wa kukalia kiti cha pikapu, akabweka mara moja dirishani.

Ng'ombe wakafunga duara. Pale pale barabarani, mbele ya watu, haraka kuliko unavyofunga mwavuli: ndama ndani, vichwa nje. Na vichwa vile vilitutazama sisi. Nilisema bonde zima lilikuwa pale. Wote walisimama na vijiko hewani. Hawa walikuwa ng'ombe waliokuja wakicheua miaka yote, tuliokuwa tukiwaachia watoto wawapapase. Pansy alikwaruza changarawe kwa kwato, na sauti ile ilisikika mpaka kwenye masufuria.

"Lyle," Arlys akasema bila kupandisha sauti. "Mzibe mdomo mbwa wako."

Lyle, mwanamume mwenye mwili wa mlango, alimfunika mbwa wake kwa kofia yake mwenyewe. Kisha mmoja mmoja, kimyakimya, kila aliyekuja na mbwa akamwingiza garini, akapandisha kioo, akaegemea mlango. Hakuna aliyetania. Hata Lyle.

Pruitt alikuwepo, bakuli mkononi. Mchuzi wake ulikuwa umepoa. Alimsogelea Arlys taratibu.

"Mama, sikujua," alisema.

"Hata mimi, mwanangu," Arlys akamjibu. "Fungua lango."

Tuck alipona, kwa miguu mitatu. Theluji ilianguka kama redio ilivyosema. Majira ya baridi yakapita, na Rhonda, binti yake, alipokuja kusaidia wakati wa kuzalisha, alikuta vitoto vya Tuck, vilivyokuwa vimeahidiwa wafugaji wa bondeni, vimegawiwa kwa wafuga kondoo wa ng'ambo ya mto.

"Vyote, Mama? Hukubakiza hata kimoja cha kufunza?"

"Nimfunze kazi gani?"

Delmar alikuwa mlangoni, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Alisema angejua la kuwafanya mbwa mwitu kama angepewa saa moja tu kwenye mgongo wa mlima. Arlys akamwambia anacho kibali cha kuwawinda mwaka mzima na hajaona hata mkia, apigilie msumari. Akapigilia miwili. Mmoja ndani, kando ya jiko, ukatundikwa koti lake la zamani, lile lenye manyoya ya mbwa. Mwingine nje, ukutani mwa ghala, ukatundikwa koti la Verlin lililofuliwa kwa sabuni na kuanikwa kwenye upepo siku nyingi.

Tangu hapo kila asubuhi ni hivyo. Tuck huamka kwenye mkeka wake, hujikokota mpaka mlangoni, hukaa na kumkazia macho. Arlys humwambia, "Kaa, mzee." Hamgusi. Humgusa baadaye, akirudi. Hutoka na shati tu katika baridi, huvuka ua mpaka ghalani, huvaa koti la Verlin, na kabla ya kuchukua nyasi kavu husimama akanusa mkono wa kulia, akanusa na wa kushoto. Kisha huanza kuita.